Pampu ya Marehemu

Ng'ambo, Tabora
11 Februari 2023

Kwa Benjamini Chilongola, mla mlenda wa Kilimatinde,

Mbukwa, kwa salamu yenu Wagogo. Habari za huko, na za ukame wenu? Gaudensia hajambo? Bado hajajuta kuolewa na wewe?

Sisi hapa hatujambo, na mimi hasa ni mzima kupita kiasi. Leo asubuhi nimepanda baiskeli, nimekwenda Kwihara na kurudi, sikushuka hata penye mchanga. Vijana wa bodaboda nimewaacha nyuma wanakula vumbi langu.

Sasa ngoja nikwambie ukweli kabla Mwanajuma hajaisoma hii barua, maana mke wangu husoma barua zangu zote na kuzisahihisha. Baiskeli imetundikwa ukutani tangu Idi. Kwihara nimekwenda kwa mawazo. Safari yangu ya leo ilikuwa kutoka kitandani hadi kibarazani, na nilipofika nilikaa nahema kama mbwa aliyefukuza treni.

Ugonjwa huu ulianzia mikononi. Nakaza nati, spana inaniponyoka. Nikasema ni uzee. Ukaja shingoni. Halafu nikilala chali naona kama nazama majini, nashtuka, nakaa. Mwanangu Majidi akanipeleka Dar, wakanichoma sindano za umeme kwenye misuli, wakanipulizisha kwenye kibomba. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote, mshale wa kipimo haukuinuka hata kunisalimia. Daktari akasema mishipa inayoipa misuli amri inakufa mmoja mmoja, na ile misuli ya kuvuta pumzi nayo imeanza mgomo. Nikauliza dawa. Akasema ya kuponya haipo, za kusaidia zipo. Nilimpenda kwa hilo, hakunizungusha.

Basi nimepewa mashine. Kisanduku kama redio, mpira mrefu kama wa pampu ya mguu, na mwisho wake kinyago cha kufunga pua na mdomo. Usiku nakivaa. Mimi navuta kidogo, mashine inanisukumia upepo uliobaki. Maisha yangu yote nimejaza upepo matairi ya watu wa Tabora, sasa najazwa mimi.

Usipige simu. Kuongea kunakula pumzi, barua haili. Hii nampa kondakta wa basi la Dodoma, ataishusha Manyoni. Na usije kunitazama, sijawa maonyesho ya Nane Nane.

Shikamoo yangu itie ndani ya bahasha. Mimi ni mkubwa kwako na unajua.

Mtani wako,
Mabruki


Kilimatinde
2 Machi 2023

Kwa mpendwa Mzee Mabruki,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu, wewe na shemeji na wote hapo nyumbani. Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa magoti yangu.

Barua yako nimeisoma. Pole sana, ndugu yangu. Pole tena. Gaudensia naye anasema pole. Jumapili jina lako limetajwa kanisani na watu wameliombea. Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Usijichoshe kwa kuandika, pumzika, zingatia maagizo ya daktari.

Shikamoo.

Ndugu yako akupendaye,
Benjamini


Ng'ambo, Tabora
19 Machi 2023

We Benjamini,

Salamu sikupi. Afya yako siulizi.

Barua yako nimeisoma nikitafuta tusi hata moja. Hakuna. Nikageuza karatasi nikatazama nyuma. Hakuna. Na shikamoo umenipa. Tangu ulipokuwa unafanya kazi reli hapa Tabora, ukiniletea ile baiskeli yako yenye kwikwi, tumeigombea shikamoo hiyo. Leo unaniletea bure, kwenye sahani, kama uji wa mgonjwa.

Sikiliza. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za watu kutoka hapa kwenda pwani, na alipofika Ugogo babu yako akamsimamisha akamwambia toa hongo, ushuru wa njia, ndipo unywe maji. Wakagombana wakachoka, wakachoka wakacheka, ndipo mimi na wewe tukazaliwa watani. Utani si urembo wa kuvaa siku za raha. Mtani haruhusiwi kunipa pole nikiwa hai. Kazi hiyo ina wenyewe na wanaifanya mno. Mzee Uwesu wa msikitini akija anaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeiba kuku. Jirani Zabibu ananitazama kichwa kimelala upande. Majidi anapiga simu toka Dar, "Baba, umekula?", utadhani mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake. Mtu niliyemtegemea anitukane alikuwa wewe.

Mtani akikupa pole, jua ameshakuzika.

Habari za mashine, kwa kuwa hukuuliza. Mwanajuma anasema zamani alilala na fundi baiskeli, siku hizi analala na lori linalopanda mlima Sekenke. Mwanzoni nilikuwa naivua usiku, inanibana pua na kunikausha koo. Mwanajuma akasema nikiivua tena anahamia kwa dada yake Bukene. Sijaivua. Na kweli, asubuhi kichwa hakiniumi, nakumbuka mpaka mambo ambayo yeye angependa niyasahau.

Andika upya.

Mtani wako, kama bado unaukubali utani,
Mabruki


Kilimatinde
16 Aprili 2023

Kwa Mabruki, mbeba mizigo ya watu,

Mbukwa sikupi, huna ng'ombe. Habari za hapo pia siulizi, nikiuliza utanidanganya.

Ulinitisha, ndiyo maana nikaandika kama mwinjilisti. Sasa nimekunywa uji na akili zimerudi.

Tangu dunia iumbwe sijasikia Mnyamwezi anayebebewa mzigo. Babu yako alibeba pembe ya tembo kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Wewe umeshindwa kubeba upepo, kitu kisicho na uzito. Ukoo umeshuka. Tena nilimwambia Gaudensia zamani: yule bwana, kitakachomwishia kwanza si akili, maana akili hakupewa, ni pumzi, kwa sababu zote anazimalizia kwenye uongo. Au umesahau ulivyonipa matobolwa ukaniambia ni tende zimetoka Uarabuni? Viazi vya kukausha, mtu mzima nikakaa kibarazani kwako navitafuna natafuta kokwa.

Kuna moja nitalisema bila utani, kisha tulifunge. Barua yako ya kwanza niliilaza chini ya mto na sikulala. Nimelifunga.

Mwezi wa sita tukishavuna uwele nakuja. Usinikataze. Nataka asali, si ile uliyotia maji ya sukari, na hicho kinyago nikijaribu, huenda nikarudi kijana.

Shikamoo nimeichukua. Ilikuwa imetoroka.

Mtani wako,
Benjamini


Ng'ambo, Tabora
10 Septemba 2023

Kwa Benjamini, mtoza hongo,

Habari za siku nyingi. Magoti yako yanaendeleaje, bado yanalia kama bawaba za mlango wa kanisa? Sisi tupo.

Mwezi wa sita nilikutumia salamu kwa kondakta kwamba usije, hapa kuna msiba wa jirani. Jirani hakufa. Nakueleza sababu, maana uongo wenyewe nao unataka pumzi.

Ile barua yako ya matobolwa nilisomewa na Mwanajuma kibarazani mchana, bila mashine. Alipofika kwenye kokwa nikacheka, na kicheko kikatoka kisirudi. Nafungua mdomo, hewa haiingii. Midomo ikawa rangi ya zambarau. Mwanajuma akanikokota ndani, akanivalisha kinyago mchana kweupe, na tangu siku ile mashine haijui tena kwamba mchana si zamu yake. Kwanza ikawa baada ya chakula tu. Ikaongezeka alasiri. Sasa naivua kula, kuoga, na kidogo wageni wakija, nipate kutukana vizuri.

Zabibu anasema mashine ndiyo inayonilemaza, mapafu yamedeka. Nilimuuliza daktari wa hapa. Akasema la, misuli ndiyo inayopungua, mashine inaziba pengo tu. Pengo likikua na kazi yake inakua. Nimemweleza Zabibu. Kichwa amekilaza upande wa pili.

Juzi kwenye ule upepo mkubwa umeme ulikatika. Kisanduku kikaanza kulia, pii, pii. Mwanajuma akaburuta betri ya lori aliyoleta Majidi, akaunganisha nyaya kama alivyofundishwa, huku mimi nimelala nasikiliza pumzi zangu zinavyohesabiana. Upepo wa mashine uliporudi akaniuliza, "Uliogopa?" Nikamwambia mimi, wapi. Akasema, "Basi niliogopa kwa ajili yetu wote wawili."

Kwa hiyo usije kwanza. Si kwamba sikutaki. Ukija nitacheka. Nikicheka bila mashine nakosa pumzi, na nikiwa ndani ya mashine sijui kama mtu anaweza kucheka humo. Sijajaribu, na naona haya kujaribu mbele yako. Nikikaa na wewe kimya, unanitazama nami nakutazama, utani wetu umekwisha, nimebaki mzigo. Na mzigo mpagazi akizidiwa huutua njiani akaenda zake.

Nitakuita mwenyewe.

Mtani wako,
Mabruki


Kilimatinde
8 Februari 2024

Kwa mtani wangu, na kwa shemeji Mwanajuma ambaye ndiye atakayeisoma kwanza,

Habari za hapo sithubutu kuuliza. Mara ya mwisho niliuliza nikajibiwa, na jibu hilo ndilo lililoniponza.

Sikuitwa. Krismasi ikapita, mwaka ukageuka, barua hakuna. Nikamwomba Mwalimu Gerson aandike ujumbe kwa simu yake: mzee anaendeleaje. Shemeji ukajibu maneno mawili. "Mzee amepumzika." Mwalimu akavua kofia. Mimi nikakaa chini palepale shuleni, kwenye vumbi.

Shemeji, kwetu aliyelala tunasema amelala. Aliyepumzika tunamtafutia mbao.

Nikapanda basi. Njia nzima sikulia, nilikuwa napanga maneno, maana najua kazi ya mtani msibani: wengine walie, yeye awachekeshe. Nilipoingia Ng'ambo nikaona turubai, viti, akina mama na masufuria. Ningejuaje kwamba Zabibu anamwoza binti yake? Nikapita moja kwa moja uani kwenu. Kofia ya Mabruki ilikuwa kwenye kamba, nikaivaa. Pampu ya baiskeli ilikuwa ukutani, nikaitwaa, nikapaza sauti kwamba hiyo ni hongo yangu, marehemu hapiti nchi ya Wagogo bure. Nikajilaza kizingitini, nikasema maiti haitoki humu mpaka nipewe asali. Nikaanza kueleza tabia zake. Nikaigiza anavyokohoa akitaka kusema uongo. Watu wa harusi wakajaa uani, wengine na sahani zao mkononi. Nikaona hawalii, nikasema Wanyamwezi hawa wana roho ngumu.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, imekatika vipande vipande kama treni inayosimama. "Ongeza. Hujasema. Ya matobolwa."

Mabruki, nilipoingia nikakukuta na kinyago usoni, machozi yanakutiririka, mabega yanaruka. Nami nikacheka na kulia. Halafu kisanduku kikaanza ile pii pii uliyoniandikia. Shemeji akaja mbio, akanisukuma kando kwa kiwiko, akakuinamia. Nikatoka. Sikuweza kungoja kuambiwa. Nililala stendi, alfajiri nikapanda basi, na nilipofika Manyoni ndipo nikagundua nina kofia yako kichwani na pampu yako mkononi.

Mimi ni yule uliyemwonya kwamba atakuua, nikaja kukuua mbele ya harusi ya watu. Sitakuja tena. Naomba tu shemeji anijulishe kama bado unahema, na safari hii kwa maneno mengi.

Mtani wenu mjinga,
Benjamini


Ng'ambo, Tabora
27 Februari 2024

Kwa Benjamini, mzikaji wa walio hai,

Mbukwa. Gaudensia tunamsalimu, na pole zetu zote ni zake.

Nahema. Hilo ulitaka kujua, limejibiwa. Anayeandika ni Mwanajuma, vidole vyangu vimestaafu. Nasema kidogo, mashine inasukuma, nasema tena. Ukikuta neno la adabu humu ni la kwake.

Yeye anasema neno lake lilikuwa sahihi. Mtu amehangaika tangu alfajiri, kavalishwa kinyago, katulia. Amepumzika. Alitaka aandike nini? Hilo mtagombana wenyewe, mimi ni marehemu, simo.

Sasa nikueleze ya ndani, kwa kuwa wewe ulikuwa kizingitini. Nimelala. Nasikia mtu uani anatangaza kwamba Mabruki alikuwa fundi hodari, misumari akiimwaga mwenyewe barabarani jioni ili asubuhi apate wateja. Nikajiuliza, nani huyu amekufa, mwenye jina langu na tabia zangu? Nikaona bado kidogo nimuulize Mwanajuma mazishi ni saa ngapi. Kisha ukakohoa kile kikohozi changu, nikakujua.

Benjamini, mwaka mzima watu wamenong'ona katika nyumba hii. Wewe uliingia unapiga kelele. Kicheko kikanijia, nikaogopa, nikakizuia. Lakini kicheko hakipigi hodi. Na hapo ndipo nikajua jambo. Ndani ya mashine mtu anacheka. Inaposukuma unapokea, inapoachia unacheka. Ha. Unangoja. Ha. Ni kama kukokota baiskeli mbovu mlimani, lakini kilele unafika. Ile pii pii haikuwa kufa. Machozi yalilowesha kinyago kikateleza, upepo ukavuja, mashine ikalalamika. Mwanajuma akakaza mkanda, basi. Tulipokutafuta tukuambie, hupo. Asali yako ilikuwa tayari kwenye chupa. Bwana harusi ameila.

Kwa hiyo wewe umeogopa bure, na mimi miezi yote ile nilikukataza bure.

Sasa lisilo na utani, kisha nami nitalifunga kama ulivyofunga lako. Kinyago hiki kuna siku hakitatosha, daktari ameniambia. Wanaweza kutoboa shingo, watie bomba, mashine ifanye kazi yote. Lakini hilo ni la kukaa Dar, na kuangaliwa na wenye ujuzi mchana na usiku. Wapo wanaolichagua, na si wajinga. Mimi nimesema hapana. Nikizidiwa wanipe dawa ya kutuliza ule mhangaiko wa kuhema, nami nibaki hapa nisikie kelele za Ng'ambo. Mwanajuma amekubali.

(Nimekubali. Sijapenda. Mwanajuma.)

Majidi hajakubali. Anasema nimekata tamaa, na siku hiyo atawaka, na moto wake utamwangukia mama yake. Mimi sitakuwepo wa kuuzima. Lakini mtoto hagombani na mtani wa baba yake msibani, hiyo ni mila na yeye anaijua. Kwa hiyo utajilaza tena pale kizingitini, umwambie mbele ya watu wote: baba yako alichagua mwenyewe, akiwa na akili zake zote, chache kama zilivyo. Usimwache amguse mama yake hata kwa neno. Hili sikuombi. Ni kazi yako, na mazoezi umeshafanya.

Ninaloomba ni dogo, tena ni haki yangu. Kofia baki nayo, wamesema imekupendeza kuliko mimi. Pampu rudisha. Hongo hutozwa msafiri, na mimi sijafunga mzigo. Majidi ameleta kiti cha magurudumu, gurudumu la kushoto limelala chini, halina upepo, na Mwanajuma amechoka kuniburuta kwenda kibarazani. Usimpe kondakta, makondakta hawarudishi pampu. Ilete mwenyewe mkononi, kama ulivyoondoka nayo.

Mtani wako,
Mabruki